S ya Pili

Suruali yangu ya kipaimara ilikuwa sandukuni, na mimi nilikuwa nje ya sanduku nimejifunga khanga ya mama. Kwa mtu mwenye haya kama mimi, hilo peke yake lilitosha kuniua.

Ni miaka ile bidhaa zilipoanza kurudi madukani. Baba alinunua Musoma kufuli isiyo na ufunguo: pete nne zenye herufi, ukizipanga sawasawa inafunguka. Kabla ya hapo hatukuwa na nguo ya kufungia, kwa hiyo suruali ile moja aliilinda kama benki. Asubuhi hiyo alikuwa sokoni Mwigobero anauza dagaa.

"Alisema ni A, B na S mbili," mama aliniambia. "Zinavyofuatana sikushika. Na usiivunje, utakuja kumjibu mwenyewe." Akatangulia kanisani, maana askofu hangojwi.

Darasa la saba nilimaliza, na hesabu niliipenda kuliko ilivyonipenda. Nikapiga: herufi nne, kila moja ikianza, zilizobaki zinapangika kwa njia sita. Jumla ishirini na nne. Nisije nikazichanganya zile S, ya pili niliiwekea kamkia. Nikaanza na mipango inayoanza na S. Kila mmoja nauandika kwanza, ndipo najaribu, na mimi naandikaga kama mtu anayechonga mtumbwi.

Mdogo wangu wa kike, aliyeachwa apike, alichungulia.

"Mke wa nani huyu?"

"Nenda zako."

Hakwenda. "Kaka, hiyo si umeshaijaribu?"

"Ile ilianza na S ya kwanza. Hii ni S ya pili."

"Kufuli inazijua?"

Nilimwambia akaangalie mboga yake. Nikamaliza zote za S ya kwanza, zote za S ya pili, zote za A, ndipo likaniingia: kila mpango nilikuwa nauandika mara mbili. Ishirini na nne zangu zilikuwa kumi na mbili. Za B zilizobaki zilikuwa tatu tu, na kufuli ikafunguka kwenye ya pili, BSAS.

Nilifika kanisani suruali imenyooka, wenzangu wanatoka na vyeti mkononi.

Kipaimara nilipata askofu aliporudi mwaka uliofuata, nikiwa mrefu kuliko wote, benchi moja na mdogo wangu. Katikati ya sala akaninong'oneza, "S ya pili, sogea kidogo."