Migomba Miwili ya Harusi ya Neema

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kitalu cha miche kule Manassas, Amerika, nilipewa msumeno nikaambiwa nikate migomba yote ya nje ifike kiunoni. Ilikuwa mwisho wa Oktoba na majani yalikuwa bado ya kijani. Mimi nimezaliwa Kisii. Kwetu mgomba hukatwa ukishazaa. Ukikata wa mtu kabla ya hapo, jiandae kuitwa kwa chifu. Nikamuuliza Msimamizi wa Kitalu, mama mmoja mrefu asiyepoteza maneno, kama hatusubiri hata ndizi.

"Ndizi zake ni mbegu tupu," akasema. "Hapa tunauza majani. Kata."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya migomba ya baridi, mimi niliyepanda ndege nikidhani nimeagana na jembe. Wenzangu kanisani walikuwa wauguzi na walezi wa wazee, na walinionea huruma kwa kucha zangu. Nami niliwaonea huruma kwa zamu zao za usiku, kwa hiyo tulikuwa sawa.

Vijana wanaotaka kuotesha migomba huku Virginia hunijia na maswali, basi nieleze. Mgomba huu asili yake ni Asia. Tunguu lake, yaani kile kiazi kikubwa kilichojificha udongoni, huvumilia baridi kali. Kilicho dhaifu ni gogo la juu, kwa sababu limejaa maji, na maji yakiganda hulipasua. Ndiyo maana jalidi ya kwanza, ule umande unaoganda usiku, ikikaribia au ikishaunguza majani, gogo hukatwa na shina likafunikwa kwa matandazo: majani makavu na vibanzi vya mbao, hadi magotini. Majira ya kuchipua yakifika, machipukizi hutoka chini na kuanza upya.

Lakini anayetaka mgomba mrefu mapema hana budi kuliacha gogo zima. Hulizungushia wavu wa waya kama banda la kuku, akajaza majani makavu ya mwaloni hadi juu, kisha akafunika kwa turubai ili mvua isiingie. Nilipofunika wa kwanza, Msimamizi aliuzunguka akitafuta tundu. "Baridi tunaiweza," aliniambia. "Maji ndiyo yatakayokushinda. Ukiuweka mkavu, umemaliza kazi."

Miaka kadhaa baadaye nilihamia Fairfax, kwenye bustani za chuo kikuu kimoja. Mkuu wa Bustani alipenda mistari iliyonyooka. Migomba aliiita wageni wasiojua kuaga, na kila mwaka alitaka ipunguzwe. Mwenzangu wa zamu alikuwa Baba Neema, Mkongo wa upande wa Uvira. Mkewe alifariki katika kambi ya wakimbizi, naye akamlea binti yao wa pekee peke yake, toka kambi hadi Woodbridge. Alikuwa mpole, mchapakazi, na mbishi kama punda mambo yakihusu kilimo.

Vuli moja, tukinoa misumeno, aliniambia, "Dada Kerubo, mtoto ataolewa mwezi wa tano. Kwetu arusi haina portail, mlango ya kuingilia, bila migomba, moja huku, moja kule, mirefu, watu wapite kati. Miye sina kitu ingine ya kwetu ya kumupa."

Nikampeleka kwa Mkuu wa Bustani. Alitusikiliza, akakuna shingo.

"Chukueni miwili mikubwa, mkiifikisha Mei," alisema. "Ikioza, mtaing'oa wenyewe."

Machipukizi ya Mei hayafiki hata gotini, kwa hiyo matumaini yote yalikuwa kwenye magogo. Tulichagua mmoja ulio ukutani na mmoja karibu na mlango wa stoo, tukaizungushia waya, tukajaza majani, tukafunga turubai kwa kamba. Shida ya kazi hii ni kwamba huwezi kujua kama mgomba u hai bila kuufunua, na ukiufunua kwenye baridi umeshaharibu. Kila asubuhi Baba Neema aliniuliza, "Inaamka?" nami nikamjibu, "Imelala." Theluji ilikuja, ikayeyuka, ikaja tena.

Tulifungua Aprili. Mgomba wa ukutani niliubonyeza kwa kidole gumba, ukawa mgumu kama paja la mchezaji mpira, na juu yake jani jipya lilikuwa limeanza kujikunjua. Wa mlangoni, kidole kilizama. Harufu ikatoka. Turubai lilikuwa zima, ila majani ya chini yalikuwa yameloa chapachapa.

Nilimtazama Baba Neema. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Ni maji ya kunawa," akasema. "Kisha kula, nanawa mikono, namwaga pale. Kidogo tu. Kwetu mama wa nyumba hamwagi maji bure. Yote ni ya mgomba."

Nilikasirika, kisha hasira ikakosa pa kukaa. Hata mama yangu, nyuma ya jikoni, hakuwahi kumwaga maji ya vyombo popote isipokuwa kwenye mgomba. Tuling'oa lile gogo.

"Mlango ya nguzo moja ni mlango ya mjane," alisema tulipomaliza. "Afazali tuache tu."

Neema alikuja jioni hiyo na gari kumchukua baba yake. Kiswahili anakisikia vizuri, ila hujibu kwa Kiingereza kama vijana wetu wote. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama lile shimo.

"We'll use the one, Papa."

"Na upande ingine?"

"Auntie Kerubo can stand there."

Nikacheka, nikasema mimi nina mdomo, mgomba hauna, wajue wanachagua nini. Hakuna aliyecheka nami. Baba Neema alivua kofia, akaivaa tena. "Basi utasimama, dada," akasema.

Siku ya harusi tulilikata gogo alfajiri, tukalifunga kulia kwa mlango wa kanisa, majani yakipepea juu ya vichwa vya watu. Kushoto nilisimama mimi, ndani ya kitenge nilichoazimwa. Neema alipofika akiwa ameshikwa mkono na baba yake, hakutazama ndani kulikokuwa na bwana harusi. Alinigeukia, akanikumbatia mbele ya watu wote, na mimi nikalia bila aibu.

Nimestaafu sasa. Magoti yameisha na ndugu zangu wa Kisii bado hawaamini kwamba nililipwa kufunika migomba blanketi. Kazi yenyewe naiona ya kawaida; mtu makini ataijifunza kwa majira mawili ya baridi. Mume sikupata na mtoto sikuzaa, na kwa miaka mingi, mtu akiniuliza kama nina watoto huku Amerika, nilijibu sina, nikabadilisha mazungumzo. Siku hizi wakiniuliza, nasema ninaye mmoja, yuko Woodbridge.