Kumtafuta Kuku Mzima Tunduma

Barua ya posa ya Jofrey ilikaa juu ya kabati la kaka yangu Ezekia tangu kahawa ilipoanza kuiva mpaka tulipomaliza kuichuma, na haikujibiwa. Kila Rehema, bintiye, alipopita mbele ya kabati alikohoa. Kaka naye alikohoa. Mgeni angedhani nyumba nzima ina kifua.

Tatizo halikuwa ukoo wala dini. Jofrey ni kijana wa Msangano, anasali, hanywi. Tatizo lilikuwa kazi yake: ni mpishi kwenye hoteli ya Wachina huko Tunduma.

"Siwezi kumwoza binti yangu kwa mtu ambaye nakiogopa chakula chake," kaka alisema. "Nikienda kuwatembelea nitakula nini? Nitakaa mlangoni nikisikilizia wenzangu wakitafuna?"

Mimi ni mdogo wake. Nimefundisha maarifa ya nyumbani shule ya msingi mpaka nikastaafu, na katika hoteli hiyo nilikuwa nimekwisha kula mara mbili na walimu wenzangu. Nikamwambia, "Kaka, twende ukale. Siku hiyo hiyo utatoa jibu, ndiyo au hapana." Akakubali, mbele ya Rehema na mama yake. Basi safari ninayowasimulia ilikuwa ya kwenda kula chakula cha mchana tu, lakini sijawahi kusafiri na mzigo mzito kama ule.

Isansa, kijijini kwetu, wiki moja kabla, tulianza matayarisho. Nilimweleza kaka kwamba Wachina hula kwa vijiti viwili, lakini mgeni akitaka uma hupewa. Alisikia nusu ya kwanza tu. Alikata vijiti viwili kwenye mti wa kahawa, akavimenya, akakaa mbele ya kichanja cha kuanikia na kuanza kuchambua kahawa kwa vijiti, punje moja moja. Siku ya kwanza aliambulia kiganja. Siku ya tatu alikuwa anatoa punje mbovu haraka kuliko sisi tunaotumia vidole. Ijumaa majirani walikuja kutazama, na mmoja akaondoka na vijiti vyake.

Mimi nilikuwa kwenye simu na Jofrey, tukipanga vyakula. Kanuni yangu kwa anayeanza ni rahisi, na ninyi mnaweza kuitumia: mpe kwanza kitu anachokijua, kilichopikwa kwa namna asiyoijua. Supu ya nyanya na mayai, kwa kuwa hakuna asiyejua nyanya na mayai. Wali wa kukaanga. Chainizi kwa kitunguu saumu, mboga ile ile tunayopanda bustanini. Tofu, ambayo ni soya ya uji wa lishe iliyogandishwa kama maziwa. Pilipili ile inayotia midomo ganzi iachwe kabisa, maana anayeanza akiguswa na ganzi hudhani anakufa. Halafu kuku kwa karanga. "Na mifupa hapana," nilimsisitiza Jofrey. "Katakata nyama laini, vipande vidogo, mzee asihangaike."

"Sawa, shangazi. Kama unavyosema."

Saa kumi na mbili asubuhi siku ya safari, kulikuwa na ukungu na baridi ya kukata masikio. Kaka alitoka amevaa koti la kanisani, vijiti mfukoni, na mkononi hotipoti.

"Hiyo ya nini?"

"Ugali."

"Kaka, tunakwenda kula."

"Huu sili. Huu ni shahidi."

Vwawa, saa mbili na nusu, tulishuka tubadilishe gari. Nilikunywa chai sokoni kwa mama mmoja mchangamfu. Kaka alikataa hata chapati, akisema tumbo lake lifike Tunduma bila upande. Mama wa chai akataka kujua ni kesi gani hiyo, nikamweleza. Akaacha kumimina.

"Kwa Wachina? Baba, nikwambie kitu. Ukiona chakula kina macho, usile."

"Na kisipokuwa na macho?"

Alifikiri. "Hicho ndicho cha kuogopa zaidi."

Kuanzia hapo kaka aliikumbatia hotipoti mpaka Tunduma. Nilimweleza njia nzima habari za soya.

Tunduma, karibu saa sita. Malori yalikuwa yamesimama foleni ndefu kuelekea mpakani, na wanawake wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, walikuwa wakipita katikati yake na mizigo kichwani, wakisalimiana Kibemba na Kiswahili katika sentensi moja. Hoteli iko nyuma ya maduka ya vipuri. Ilikuwa imejaa, tukapewa viti kwenye meza ya duara pamoja na dereva wa lori kutoka Zambia. Meza za pale zina kioo cha duara katikati, kinazunguka ili kila mtu afikiwe na chakula. Kaka aliweka shahidi wake juu ya kioo, akakizungusha taratibu ajue kinavyofanya kazi. Hotipoti ikaondoka, ikazunguka, ikasimama mbele ya dereva. Dereva akafunua, uso ukamng'aa, akanawa mikono.

"Natotela sana, mzee," alisema, akamega.

Kaka alitazama ugali ukiisha tonge baada ya tonge. Hakukuwa na la kufanya, mtu keshashukuru.

Jofrey akatoka jikoni, kofia nyeupe mkononi. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ila baba bado. Leo mimi ni mteja."

"Karibu sana, mteja."

Supu ilipita. Wali ulipita, akaongeza. Kwenye chainizi alitafuna kwa muda mrefu, akaniambia kwa uchungu, "Nimetoka Isansa kuja kula mboga niliyoiacha bustanini," lakini sahani aliimaliza. Tofu aliibonyeza kwa kijiti, ikatikisika, akaiambia "tulia," akaila. Dereva wa lori alikuwa ameacha kula ili aangalie vile vijiti vinavyokwenda. Mimi nilikuwa nimeanza kuchagua kitenge cha harusi.

Kisha kuku akaja.

Kaka alikivuta kisahani kitupu, akaanza kuchambua. Karanga kando. Pilipili hoho kando. Karanga moja iliyoungua aliitenga peke yake, mazoea ya kahawa. Vipande vya kuku alivipanga juu ya kitambaa cha mezani, kimoja baada ya kingine. Sikuelewa mpaka nilipoona umbo: kifua katikati, nafasi ya mapaja huku na huku, nafasi ya shingo juu. Alikuwa anamuunga kuku.

Wasomaji wa mbali na kwetu nawaeleza. Chakula cha ukweni kwetu ni kuku, na huyo kuku huletwa kamili: mapaja yote, mabawa yote, mgongo, shingo, na firigisi, ambayo ni ya mkubwa wa nyumba. Hata akikatwa vipande, vipande hivyo lazima vitimie. Ukimletea mkwe kuku aliyepungua, umemwambia kwamba naye amepungua.

"Bawa liko wapi?" kaka aliuliza.

Jofrey alisogea karibu. "Mzee, chakula hiki ni kifua tu."

"Shingo?"

"Haipo."

"Firigisi?"

Kaka aliweka vijiti chini, akafunga vifungo vya koti, akasimama. "Mwalimu, twende. Jibu nimelipata."

Dereva wa lori akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nani amekufa?"

Mama Lin, mwenye hoteli, alikuwa amesikia kutoka kwenye kaunta. Amekaa Tunduma miaka mingi na Kiswahili chake ni cha sokoni, hakizunguki. "Nini mbaya? Chumvi?" Nikamweleza kwamba huyu ni baba wa mchumba, na kuku amekuja bila firigisi. Alimgeukia Jofrey kwa hasira ambayo sikuitegemea.

"Wewe! Mkwe unampa kuku ya wateja? Kwetu kuku ya sherehe ina kichwa, ina miguu, yote! Hii aibu!"

"Ni shangazi ndiye..." Jofrey alianza, akajizuia.

Hakuwa na haja ya kujizuia. "Ni mimi," nilisema. "Kaka, ni mimi niliyemwambia asiweke mifupa. Niliogopa utashindwa."

Kaka alinitazama kana kwamba nimemwambia hajui kulima. "Nishindwe na mfupa? Mimi?" Kisha akamtazama Jofrey. "Nakupa saa moja." Akakaa, koti likiwa limefungwa.

Saa nane kasoro. Mama Lin alileta sinia mwenyewe. Kuku alikuwa amechemshwa kwa tangawizi, amekatwa na kupangwa tena kama alivyokuwa hai, kichwa mbele, miguu nyuma. Alikuwa na macho. Mama Lin alizungusha kioo mpaka kichwa kikamwelekea kaka. "Mkubwa anatazamwa," alisema.

Kaka alikagua kwa kijiti. Mapaja. Mabawa. Mgongo. Shingo. Firigisi. Akafika mwisho, akasita, akarudi nyuma.

"Firigisi mbili," alisema.

Tuliinama wote, na dereva pia. Zilikuwa mbili kweli.

"Jofrey. Umewahi kuona kuku mwenye firigisi mbili?"

"Hapana, mzee." Kofia ilikuwa imekunjwa mkononi mpaka ikawa kama kamba. "Niliogopa moja isije ikapotea kwenye sufuria. Nikachukua na ya kuku mwingine."

Nilisubiri koti lisimame tena. Badala yake mabega ya kaka yalianza kutikisika, na nikachelewa kutambua kwamba anacheka, kwa sababu miezi mingi alikuwa akikohoa tu. Alichukua firigisi moja kwa vijiti, akaila. Ya pili akaiweka kwenye kisahani, akazungusha kioo mpaka kikasimama mbele ya Jofrey.

"Kula, mteja," alimwambia.

Njiani kurudi nilikuwa na muda wa kujipa alama, na sikujipa nyingi. Miaka yote nimefundisha kwamba anayeanza huanzishwa na kidogo, kilicho laini, kisichomtisha. Kaka hakutishwa na kuku mwenye macho. Alitishwa na kuku asiye na shingo. Kwa hiyo mkimpeleka mtu kula chakula kigeni, msimuulize anaogopa nini. Muulizeni nyumbani kwake mgeni wa heshima hupewa nini, halafu mtafuteni ndugu wa chakula hicho jikoni kwa wenzenu. Yupo. Tofu itafuata kwa wakati wake.

Tulipokaribia Vwawa simu yangu iliita. Alikuwa Rehema. "Shangazi, amesemaje?"

Nilimgeukia kaka, macho yake kwenye mashamba. "Anataka jibu."

Akaichukua simu na kuishika mbali na sikio, kama anavyoishika siku zote, kwa hiyo gari zima lilisikia.

"Rehema? Tumekula. Ndiyo. Sikiliza, mwambie mumeo apunguze tangawizi."