Neno Nililomwandikia Binti wa Ubaruku

Nilikuwa nimechoka, na sitafuti kisingizio. Ripoti za muhula zilikuwa themanini na kitu, na kila moja inataka maoni ya mwalimu wa darasa kwa Kiingereza. Ndio utaratibu wa shule yetu ya bweni hapa Ipogolo. Wazazi wengi hawakijui, basi mtoto anawasomea na kuwatafsiria mwenyewe nyumbani. Wajanja hujipandisha daraja humohumo.

Nikafika kwa binti mmoja wa Ubaruku, kule Mbeya, mtoto wa wafugaji waliohamia Usangu kutoka kaskazini. Mpole, ila akikuuliza swali unalala nalo. Nilitaka kusema hafanani na wenzake. “Distinctive”? Nikaona kama nasifia kitenge. “Unusual”? Watadhani anaumwa. “Exceptional” nilishawagawia watoto wa walimu wenzangu. Aa, mgongo unauma, chai imepoa! Nikaandika “different”, nikachukua ripoti nyingine. Na kila siku nawaimbia watoto kwamba haraka haraka haina baraka.

Shule ilipofunguliwa, hakuja. Alikuja baba yake, kofia mkononi, kuchukua tranka ambalo binti alikuwa ameliacha stoo.

“Shikamoo, mwalimu. Binti alitusomea ripoti. Akasema, mwalimu ameandika mimi siko kama wenzangu. Tukamwambia arudie mara tatu, akarudia hivyohivyo. Nikasema basi, kama shule imemshinda, akamsaidie mama yake kwenye mpunga.”

Jamani! Kati ya watoto wote wale, huyu ndiye ambaye hakujua kujipendelea. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

“Baba, sikumaanisha hivyo.”

“Ulimaanisha nini?” Aliuliza kwa upole, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikaichukua ripoti aliyokuja nayo, nikaandika chini yake kwa Kiswahili: Nimefundisha miaka ishirini na sita, sijapata mwanafunzi mwenye akili kama huyu. Nakuomba, mwache asome. Mkono haukusita hata kidogo.

Akasoma taratibu, kidole juu ya kila neno. Akarudia tangu mwanzo. Kisha akaliinua tranka, akalirudisha stoo mwenyewe.

“Jumatatu atakuja,” akasema.

Alipofika mlangoni akageuka.

“Lakini mwalimu, kumbe Kiswahili unakijua?”