Kocha Aliyeomba Timu Yake Ifungwe

Jirani yangu tunamwita Kocha, ingawa hajamfundisha mtu yeyote kupiga hata danadana moja. Ni fundi wa makochi, basi. Mtu mmoja mwenye mdomo mwepesi alimbatiza hivyo zamani, jina likamganda, na leo hata wateja wanaoleta viti vilivyobonyea huuliza, "Kocha yupo?" Mimi nashona mapazia mlango wa pili. Ukuta wetu ni mmoja, tena wa mbao, kwa hiyo unisingizie lolote lakini usiniambie kwamba sijui yanayosemwa kwake.

Yanayosemwa kwake ni mpira. Karakana yake ina kitu ambacho vijiwe vingine havina, nacho ni mahali pa kukaa. Mwenye kochi analileta litiwe sponji jipya, anakwenda zake, hajui kwamba mpaka siku ya kulichukua litakuwa limekaliwa na nusu ya mtaa. Wenye baraza ni wawili. Kuna Kinyozi, ambaye ubishi ukichemka humwacha mteja wake amenyolewa upande mmoja, akavuka barabara na kitana mkononi. Na kuna Mzee wa Posta, mstaafu aliyesambaza barua maisha yake yote, mpole, mwenye sauti ya chini inayokera kuliko kelele. Kocha mwenyewe hasemi sana. Akipigilia kitambaa kwenye fremu huweka misumari midogo mdomoni, akiitoa mmoja mmoja kwa vidole, na mtu mwenye misumari mdomoni habishani. Watu wanadhani ni busara.

Timu yao ni Radi. Zamani Radi walikuwa wasindikizaji tu: ligi inaanza wapo, ikiisha wako mkiani, na mashabiki wao walikuwa watu wa kuonewa huruma. Kisha tajiri mmoja akaichukua timu, akaleta mwalimu wa kigeni na wachezaji wenye miguu ya dhahabu. Tangu hapo hawafungiki. Kombe likitoka hivi wanalibeba, lile jingine nalo wanalibeba. Ungedhani mashabiki wao sasa wametulia, wanalala wakicheka. Thubutu!

"Bao moja!" Kinyozi alilalamika siku moja, amejitupa kwenye kochi la watu. "Mabingwa wazima, bao moja, tena la penalti. Aibu gani hii?"

"Kushinda ni kushinda," akasema Mzee wa Posta. "Umesahau tulivyokuwa tukitoka sare tunashangilia mpaka sauti zinakauka?"

"Wakati ule tulikuwa hatuna kitu. Ukinunua mchezaji kwa bei ya ghorofa, lazima utake kupanda lifti."

"Mwenzio naye ana mguu, mjukuu wangu. Anakuja uwanjani kucheza, haji kukupigia makofi."

"Sasa mabao matano ni mengi? Nimeomba kumi?"

Waliendelea hivyo mpaka cherehani yangu ikanichanganya, nikashona pindo upande wa nje. Nikawapigia kelele kupitia mbao kwamba mnashinda mnanuna, mkifungwa je, mtahama nchi? Hawakunisikia. Mazoea yana tabu, na hao walikuwa wamezoea asali mpaka wanailalamikia utamu.

Kocha, kumbe, alikuwa na lake moyoni.

Nyumba yake ilikuwa ya timu mbili. Mkewe, rafiki yangu wa chanda na pete, Mungu amrehemu, alikuwa wa Korongo damu damu, na binti yao wa pekee alinyonya Korongo pamoja na maziwa. Mwanzoni mwa ndoa waliwahi kununiana siku nzima kwa ajili ya mchezo mmoja, na hapo ndipo mke alipoweka sheria: timu ya mwenzako ikifungwa, wewe ndiye unayemfuata kumpa pole. Aliyefungwa hamfuati mtu. Akae na uchungu wake hapo alipo mpaka afuatwe. Pole yenyewe ilikuwa na pilipili, lakini ilikuwa pole, na ndani ya nyumba ile hakuna aliyewahi kulala na kinyongo cha mpira.

Enzi hizo Korongo walikuwa moto na Radi ndio hao wasindikizaji, kwa hiyo sheria ilitembea upande mmoja tu. Kocha alifuatwa yeye, miaka nenda rudi. Mkewe alipofariki, binti alikuwa ameshapata kazi ya ukunga katika hospitali ya mji wa mbali, akaipokea zamu ya mama yake. Radi wakifungwa, simu ya Kocha inalia kabla refa hajarudisha filimbi mfukoni. Simu yenyewe ni ya zamani, inapaza sauti, na mimi nilikuwa nasikia kila kitu.

"Shikamoo, Baba. Pole. Nasikia kipa wenu leo alikuwa anaokota mipira wavuni kama mtu anayechuma mboga."

"Marahaba. Refa aliuza mechi."

"Refa ndiye aliyelala golini?"

Basi hapo Kocha anawaka, anatetea, anataja kona na kadi, na ndani ya kelele hizo mengine yote yanatoka bila mtu kuyaita. Atasikia habari za jino linalomsumbua binti, na za bosi mwenye gubu. Mara mtoto atamwambia amezalisha mapacha, mara atamwambia kwamba usiku uliopita alimwota mama yake. Wakimaliza, Kocha anakuja mlangoni kwangu uso unang'aa, anasema, "Kaniudhi sana yule mtoto."

Siku zisizo za mpira wale wawili hawakuwa na njia ya kufikiana. Wote ni wazito wa maneno ya mapenzi. Mmoja akimpigia mwenzake bila sababu ilikuwa, hujambo, sijambo, kazi vipi, tunashukuru, kisha kimya, kisha kila mmoja anausingizia mtandao. Nilikuwa nawasikia, natamani nipitishe mkono kwenye mbao niwagonganishe vichwa.

Sasa Radi walipoanza kushinda kila mechi, simu ile ikanyamaza. Mwaka wa kwanza wa ushindi walitoka sare mara chache, Kocha akapata ujumbe mfupi wa kejeli, akausoma na kuurudia mpaka kioo kikachafuka kwa vidole. Baada ya hapo hata sare zikaisha. Zikabaki salamu za sikukuu. Binti hakuwa na uadui wowote. Hakukuwa na msiba tu wa kumleta.

Nilijua amemkumbuka mtoto wake, ila sikujua ni kiasi gani, hadi alasiri ile ya ubishi mkubwa. Radi walikuwa wamebakiza mechi chache wamalize msimu mwingine mzima bila kufungwa, na Kinyozi alikuwa anataka iandikwe kuwa ni haki yake.

"Wakipoteza hata moja, mwalimu aondoke," alisema.

"Mpanda ngazi hushuka," akajibu Mzee wa Posta. "Wale ni watu. Mtu huamka na mafua."

"Wasiamke na mafua! Wanalipwa wasiugue! Kocha, hebu mwambie huyu mzee. Wewe unasemaje?"

Kocha akatema misumari kiganjani. "Mimi," akasema, "natamani tufungwe."

Hata mimi mguu ukasimama kwenye pedali. Kisha nikasikia springi za kochi zikilia. Kinyozi alikuwa amesimama. "Umelogwa? Msaliti mkubwa! Toka nje!"

"Hii ni karakana yangu."

"Basi tunatoka sisi!"

Wakatoka kweli, kwa hasira, wakahamia kwenye kibanda cha Kinyozi. Lakini kule kuna kiti kimoja tu, na kinahitajika kwa wateja. Kesho yake walikuwa wamerudi, wamenuna, wamekalia kochi lilelile.

Jioni ile waliyomsusa nilikwenda kumuuliza. Alikuwa amekaa chini, ameegemea fremu tupu. Akasema, akiangalia mlangoni, "Shemeji, nimemkumbuka mwanangu. Nimemkumbuka mpaka sauti yake naanza kuisahau. Kila mechi naomba dua tufungwe ili anipigie, na kila mechi tunashinda."

Nikacheka, kwa sababu nikicheka silii. "Dua la kuku halimpati mwewe," nikamwambia. "Mpigie wewe."

"Nimwambie nini?"

Na mimi nilikuwa nimemkumbuka mtu, mama wa mtoto huyo, ambaye angelimaliza jambo hili kwa sentensi moja na tusi.

Dua, hata hivyo, ilipokelewa. Radi walikwenda kucheza na timu moja ya kawaida kabisa, wakalala mawili kwa bila. Kelele zilizokuwa karakanani, watu wakisikiliza redio, zilikatika kama mtu amekata umeme. Kinyozi alilia machozi halisi, akaenda kufunga duka mchana kweupe. Mzee wa Posta akasema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani," lakini alisema akitafuta fimbo yake iliyokuwa mkononi mwake. Na Kocha, huku wenzake wakipeana pole kama wafiwa, alikuwa anabana midomo asicheke. Watu walipoondoka akanawa uso, akavaa shati safi alilokuwa amelitundika nyuma ya mlango, akakaa kwenye kochi la mteja na simu mapajani. Shati safi, kwa ajili ya simu!

Ikalia. Akaidaka.

"Kochi langu tayari?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, kali.

"Kesho, mama," akasema Kocha.

Ikalia tena. Alikuwa Kinyozi, anataka mtu wa kulia naye. Baada ya hapo haikulia tena. Nilifunga duka langu taratibu kuliko kawaida, nikihamisha vitambaa visivyohitaji kuhamishwa, na nilipopita mlangoni kwake bado alikuwa amekaa, kola imenyooka. Nikashindwa hata kumuaga.

Asubuhi nilimkuta anabandua kitambaa cha kiti kwa nguvu mpaka sponji linakatika vipande. Kocha hakati sponji la mtu. Nikaingia bila hodi.

"Amenichoka," akasema kabla sijamuuliza. "Tumefungwa, nchi nzima inajua, na hakunipigia."

"Labda hakusikia."

"Nani asiyesikia Radi wakifungwa?"

Hilo lilikuwa kweli. Nikakaa. Mimi mpira siujui na sitaki kuujua, ila nikauliza tu, "Hao Korongo wake wenyewe wako wapi siku hizi? Sijasikia mtu akiwataja hapa."

"Watajwe na nani? Walishuka daraja. Wanacheza huko chini, kwenye viwanja vyenye mbuzi. Kila wiki wanafungwa."

"Umejuaje, kama hawatajwi?"

"Redio husoma matokeo ya madaraja ya chini mwisho kabisa, haraka haraka. Nabaki kuyasikiliza." Akapangusa vumbi la sponji kwenye magoti. "Ni timu yake. Ni ya mama yake pia. Wakifungwa naumia, shemeji. Juma lililopita walipigwa manne, sikuweza kula."

"Ukamwambia?"

"Nani?"

"Mwenye timu."

Akaniangalia kana kwamba nimemuuliza swali la mtihani. Nikawa nimeshapandwa na hasira, hasira za marehemu rafiki yangu nadhani, kwa sababu maneno yaliyonitoka hayakuwa na adabu ya ushemeji. "Sheria ya mke wako ilisema nani anamfuata nani? Mtoto anafungwa kila wiki. Wewe umeshinda miaka yote hii, umevaa shati safi, unangoja upewe pole!"

Nikaona kabisa jambo likimwingia, kuanzia machoni, likishuka mpaka mikononi. Akaiweka nyundo chini. Maisha yake yote alikuwa wa kufuatwa. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba siku moja zamu ingekuwa yake.

Wakati huohuo wakatokea Kinyozi na Mzee wa Posta, wanabishana tangu barabarani kama mwalimu wa Radi afukuzwe leo au mwisho wa msimu, kwa kosa la mechi moja. Nikasimama mlangoni nikaujaza, na Mungu hakuninyima umbo la kuujaza. "Hakuna kuingia," nikawaambia. "Kaeni kwenye ngazi, na mnyamaze."

Sijui waliona nini usoni mwangu, lakini walikaa.

Nyuma yangu Kocha alikuwa ameshapiga. Iliita kwa muda, kisha ile simu yenye kupaza sauti ikasema, "Baba? Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi." Akakohoa. "Mwanangu, nimekupigia kukupa pole. Nimesikia juma lililopita mlifungwa manne."

Hakuna sauti. Nilidhani ni mtandao wao uleule. Kisha nikasikia pumzi ikivutwa, na mkunga yule mzima, anayezalisha watoto wa watu, akawa analia kama mtoto.

"Tumefungwa sana, Baba," akasema. "Tumefungwa sana tangu tuliposhuka. Nilikuwa nakaa na simu nangoja. Nilidhani mabingwa hamna habari na sisi."

Kocha akakaa chini sakafuni, katikati ya vipande vya sponji.

"Pole," akasema. "Pole, mama. Leo sina haraka. Anza na ile ya kwanza."