Mkono Juu ya Njia ya Nne

Kilichonipeleka Kisumu ni kuchelewa mkutano. Timu yetu ya kuogelea hapa Pap Onditi ina watoto saba, akiwemo kitinda mimba wangu Achieng, na hufanya mazoezi kwenye bwawa la shule ya bweni iliyo jirani. Mashindano yana sheria: kila timu ije na mwamuzi wake wa kujitolea, la sivyo watoto wake wakae kando wakitazama wenzao. Mwamuzi wetu alikuwa amehamia Nakuru. Wazazi wakakutana, kila mtu akaangalia viatu vyake, na mimi nilipoingia nikihema nikakuta nimeshachaguliwa kwa kauli moja. Nikawaambia mimi ni fundi cherehani, maji yakinifika magotini naita Mungu. Mwenyekiti akasema mwamuzi haingii majini.

Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, nilipanda pikapu ya jirani iliyobeba nyanya, kwenda Kisumu kwenye mafunzo ya siku moja ya waamuzi. Tuliagizwa nguo nyeupe tupu, na fundi mzima sikubali aibu, kwa hiyo nilijishonea sketi na shati za kung'aa, nikazivaa kabisa. Mpaka Ahero niliogopa hata kuegemea kiti.

Saa moja na nusu, Kondele, ndani ya Kisumu. Jirani akanishusha, akaendelea na nyanya zake. Mwendesha boda boda mmoja alinitazama juu mpaka chini, akauliza kanisa letu liko wapi, kisha akaomba nimwombee goti. Nilimweleza habari za kuogelea, lakini goti likazidi tu kuuma. Basi nikaliombea, akanifikisha bwawani bila kunitoza chochote. Mungu anisamehe.

Saa tatu tulianza. Mwalimu wetu alikuwa Madam Wairimu, mama anayeuza rangi za nyumba mjini na kujitolea uamuzi kila wikendi. Asubuhi nzima alirudia jambo moja: mwamuzi akiinua mkono, ameona kosa, na mwogeleaji wa njia yake anaweza kuondolewa. Usikune kichwa. Usifukuze nzi. Mchana tungejaribiwa kwenye mbio za watoto wa mjini, za kweli kabisa. Asiyefaulu angengoja mafunzo mengine, na mashindano yetu yalikuwa wiki mbili mbele.

Saa nane niliwekwa njia ya nne. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mwogeleaji anagusa ukuta kwa mikono miwili pamoja. Msichana mwenye kofia ya manjano alikuja akagusa vizuri sana. Nikainua macho kwa furaha, na huko kwenye viti nikamwona Mzee Okumu, ambaye binti yake ameolewa na kifungua mimba wangu Otieno. Sasa kwetu mkwe hapitwi hivi hivi. Mkono ulipanda wenyewe, juu kabisa, na vidole vikicheza.

Filimbi ikalia. Madam Wairimu akaja na karatasi zake.

"Njia ya nne. Kosa gani?"

Ningesema amegusa kwa mkono mmoja, nani angejua? Ningefaulu, na watoto wetu saba wangeogelea. Lakini yule msichana alikuwa ameshika ukuta, ananitazama, midomo inamtetemeka. Haki, wakati huo nilimchukia Mzee Okumu kwa moyo wote.

"Hakuna kosa," nikasema. "Nilikuwa nasalimia mkwe wangu."

Madam aligeuka kutazama viti. Mzee Okumu alikuwa amesimama, kofia mkononi, akinipungia kwa adabu zote.

"Mama, hapa kando ya maji hakuna mkwe," akasema, akaenda zake.

Mbio nne zilizofuata Mzee hakuchoka kupunga. Mwishowe akaniita kwa sauti, Mama Otieno, Mama Otieno. Nilifunga mikono mgongoni nikakazia maji macho mpaka yakatoa machozi. Nilijua nyumbani nitaitwa mwenye maringo, na cheti pia sina.

Saa kumi na moja jioni, vyeti vikatolewa. Langu lilikuwa jina la mwisho. Madam Wairimu aliniambia kosa la mkono linafundishika, ila la mdomo ndilo limemshinda kufundisha. Nilikishika kile cheti nikalia mbele za watu bila aibu.

Mzee Okumu alikuwa langoni, amemshika mkono yule msichana wa kofia ya manjano. Nikapiga goti kuomba radhi, akaninyanyua upesi. Msichana alikuwa mjukuu wake, mtoto wa binti yake mkubwa. Mzazi aliyeketi karibu naye alikuwa amemweleza maana ya ule mkono, na nusura Mzee aruke bwawani na suti yake. Zile mbio nne zote alikuwa ananishukuru kwa kutomwondoa mjukuu wake.

Walinisindikiza mpaka Kondele kutafuta gari la Pap Onditi. Nilipokuwa napanda, Mzee akanisogelea.

"Mama Otieno," akasema kwa upole, "siku nyingine ukiniona pale, tafadhali usinisalimie."

Gari likaondoka. Nilimtazama kwa dirisha, naye akanitazama, kila mmoja mikono yake ameikunja kifuani.