Kusikiliza bila Kupunguza

Nauza ndengu na mbaazi soko la Nunguni, na masikio yangu yalifunzwa huko. Mteja akisema bei yangu iko juu, sishughuliki na maneno. Natazama miguu yake. Ikigeuka, hana haja. Ikisimama, anataka, na tunaendelea. Ujuzi huo umenilisha na kunisomeshea watoto. Kanisa letu lilipoandaa mafungo ya kina mama huko juu mlimani, niliubeba pia, pamoja na blanketi mbili, maana baridi ya huko haijali kama umeokoka.

Mdogo wangu alipanda kutoka Kanyangi, anakoishi na mama yetu, na nilijua hakufuata nyimbo tu. Alikuwa amepata kazi Kiboko, kwenye mashamba ya utafiti wa mbegu, na alitakiwa kuripoti Jumatatu. Mama siku hizi husahau hata kama amekula. Haachwi peke yake. Hata kuja mafungo, ilibidi shangazi akubali kukaa naye. Kila mara mdogo wangu aliponipigia simu kuhusu jambo hilo, nilimpa bei mpya: tutafute msichana wa kazi, subiri mvua ipite, hao watu wa Kiboko waombe wakuongeze mwezi. Simu ya mwisho aliikata kabla sijamaliza. Hiyo iliniuma. Nikaapa kwamba kwenye mafungo nitamsikiliza mpaka mwisho, hata kama ni kujiuma ulimi.

Jumamosi mama mchungaji alitupanga wawili wawili kwenye viti vya plastiki. (Nilivihesabu mara mbili. Vilitosha.) Sheria yake ilikuwa hivi: mmoja anasema. Mwenzake, kabla ya kujibu, anarudisha alichosikia, na mwenye maneno akubali kwamba ndiyo hayo. Asipokubali, huna ruhusa ya kujibu.

"Hata kama najua anachotaka kusema?" nikauliza.

"Hasa wewe," akasema mama mchungaji, na kina mama wakacheka. Wengi wao hununua kwangu.

Mdogo wangu akaanza. "Dada, mimi silali. Mama anaamka usiku kucha anatafuta mlango."

"Usiku kucha?" nikasema. "Si unapata hata kausingizi ka alfajiri? Sema nusu usiku."

Nilijisikia mwenyewe. Mtu ananiletea usiku wake, nami nampunguzia kama gunia lililoingia wadudu.

"Basi nikupimie kwa gorogoro, lile kopo lako la sokoni," akasema, "ndio uone kama umejaa."

Mama mchungaji alikuwa amesimama nyuma yangu. "Rudisha maneno yake, mama. Usiyaguse."

Nikajaribu. "Unasema umechoka."

"Sijasema nimechoka."

"Unasema nikusaidie."

"Hayo ni yako."

Jasho likanitoka kwenye baridi ile. Sokoni, mteja mmoja akikushinda unaita mwingine. Hapa mteja alikuwa mmoja tu, na ana uso wa mama yangu. Nikaamua sitainuka kwenye kiti kile mpaka nisikie "ndiyo hayo". Tukaitwa chai, wenzetu wakaenda. Sisi tukabaki.

"Anza upya," nikamwambia.

Alivuta leso mabegani. "Mama ananiita jina lako. Asubuhi mpaka jioni. Mwanzoni nilimwambia, mwaitu, mama yangu, huyu ni mimi, mkubwa yuko Nunguni. Akalia. Siku hizi naitika tu. Siku nzima mimi ni wewe, dada. Halafu nakupigia simu, unaniambia nisubiri."

Nilikuwa na la kusema. Nilikuwa na mengi, na moja lilikuwa la kuchekesha. Nikayameza.

"Mama anakuita jina langu," nikarudisha. "Ukimwambia ukweli, analia. Kwa hivyo unaitika mahali pangu, siku nzima. Ukinipigia, nakwambia usubiri."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu unaenda Kiboko. Huniulizi kama uende. Unaenda."

Alinitazama usoni, akitafuta mahali nilipopunguza.

"Ndiyo hayo," akasema.

Sasa sheria iliniruhusu kujibu. Jibu nilikuwa nimetoka nalo nyumbani: nusu mwezi akae na mama yeye, nusu mimi, tuanze mwezi ujao. Jibu zuri la sokoni. Sikulitoa.

"Kibanda nitafunga," nikasema. "Kesho jioni niko Kanyangi. Nieleze mama anavyoishi."

Hakuniamini mara moja, na simlaumu. Kisha akaanza. Uji asubuhi, usiwe moto, kwa kile kikombe chenye mkono mkubwa. Asikalishwe jua likimpiga usoni.

"Akiuliza ng'ombe wa baba wako wapi, usimwambie waliuzwa."

"Nimwambie nini?"

"Wako mtoni, wanakunywa maji."

Mdomo wangu ulifunguka wenyewe kuuliza ni ng'ombe wangapi. Nikaufunga, nikasogeza kiti karibu, nikamwacha aendelee.