Kikombe cha Bibi Yako Kule Nalufenya

Mtu amechoka, ameshiba, yuko kwenye godoro zuri na hana ugomvi na yeyote: kwa nini usingizi umkatae? Bibi yako aliniuliza hivyo asubuhi moja nyumbani kwenu Nalufenya, Jinja, mwaka ule nilipomaliza chuo nikijiona nina jibu la kila kitu.

Mwanangu, najua unacheka nikikuita hivyo. Lakini mimi ni dada wa baba yako, ndimi senga wako, na senga hushauri hata kama bado hana mvi. Jana ulinipigia simu ukitaka nikutajie kinywaji cha kuleta usingizi, maana mitihani inakufanya ukeshe. Nitakutajia, ila kwanza sikiliza.

Bibi yako, mama yangu mzazi, alikuwa ametoka Malukhu, Mbale, kuja Jinja kupasuliwa mtoto wa jicho. Macho yalikuwa yameingia ukungu. Hata wewe, ukiwa mdogo, alikutambua kwa sauti. Lakini kila tulipompeleka kliniki, muuguzi alimpima presha akatikisa kichwa. "Iko juu sana. Huyu mama halali? Mrudisheni akishalala." Na madaktari wa macho walikuwa wa kupita tu. Wakiondoka kabla hajapasuliwa, angerudi Mbale akishikwa mkono.

Basi kila mtu akawa mganga. Mama Zubeda, jirani yenu, alileta maziwa ya moto yenye iliki. Dereva wa lori, Mkenya aliyepanga chumba cha nyuma, aliapa kwa uji wa wimbi wenye asali. Baba yako akachemsha majani ya pasheni. Mimi nilipinga kila kitu.

"Nani amepima? Mtajuaje kama ni asali au ni uchovu tu?"

Mama Zubeda akanitazama. "We Nandutu, hayo masomo yako yameshamlaza nani?"

Watu wakacheka, bibi yako akiwa wa kwanza. Alivinywa vyote. Hakulala.

Aliyehangaika zaidi alikuwa mama yako. Yeye Msoga, bibi yako Mgisu. Walielewana kwa Kiswahili cha sokoni, na maneno yalipopungua, mama yako aliongeza chai. Alichemsha mchaichai aliouotesha mwenyewe nyuma ya jiko, akatia na majani ya chai, kiganja kizima. Unajua ilivyo kwetu: kumpa mgeni maji ya mchaichai matupu ni kama kumwambia hukumtarajia. Kwa mama mkwe ndiyo kabisa, chai lazima iwe nyeusi. Kikombe kikubwa jioni, kingine baada ya chakula.

"Mama, kunywa, iko moto."

"Asante mwanangu. Mimi nakunywa." Na alimaliza mpaka chini.

Hakuna hata mmoja wetu aliyekifikiria kikombe hicho. Tuliyachunguza maziwa, uji, asali. Chai ilikuwa heshima, na heshima nani angeishuku?

Kisha mama yako akaenda Iganga msibani, nyumba ikabaki mikononi mwangu. Mimi na jiko unatujua. Jioni nilichemsha mchaichai peke yake, kwa uvivu tu, nikampa bibi yako pamoja na kipande cha muhogo. Asubuhi jua lilishaingia sebuleni na bado hajatoka. Niliusukuma mlango wake, nikaweka kiganja mbele ya pua yake nione kama anapumua. Akaupiga mkono wangu.

"Toa mkono, unanuka vitunguu. Mimi nalala."

Mwanangu, sijawahi kufurahia kufokewa kama siku ile. Nilikaa pale pale sakafuni nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Jioni iliyofuata nikarudia vilevile, akalala tena. Hapo ndipo likaja gumu: nani atamwambia mama yako? Mwanamke akiambiwa kikombe chake kinamdhuru mama mkwe, husikia jambo jingine kabisa, baya kuliko chai, kama vile sumu, na majirani husikia zaidi. Aliporudi nilingoja mpaka tukawa wawili jikoni, nikafunga mlango.

"Wifi, ni majani ya chai. Majani tu. Hata mimi nikinywa ile yako sipati usingizi."

Alikiweka kijiko chini. Nikaona macho yanaanza kujaa. Halafu akajipiga paja. "Ai! Kumbe nimemfanya mkwe wangu askari wa zamu!"

Tangu jioni hiyo alimpa mchaichai mtupu, lakini ndani ya kikombe kizuri kuliko vyote nyumbani, kile cha kabatini. Presha ikashuka. Madaktari walikuwa bado wapo, na jicho likapasuliwa. Bandeji ilipotolewa, bibi yako alimtazama mama yako kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Kumbe wewe mwembamba hivi? Kwa ule mkono wa majani, mimi nadhani ni mama mnene."

Mama yako alicheka huku analia.

Kwa hiyo, kabla sijakutajia kinywaji, niambie unachokunywa sasa. Ile kahawa ya jioni, na zile soda za kutia nguvu mnazonunua getini pa hosteli, ziondoe kwanza. Kisha kunywa maziwa ya moto, au uji mwepesi, au mchaichai. Sina hakika kama kimojawapo huleta usingizi. Nijualo ni kwamba haviufukuzi. Wiki zikipita bado hulali, nenda kliniki, usinipigie mimi. Na ukimwona mtu wa nyumbani anateseka, usichunguze dawa alizoletewa tu. Chunguza na kile anachopewa kwa upendo, halafu useme na mwenye kumpa, faraghani, kwa upole. Mungu akulaze salama, akuamshe na akili nyepesi, na hiyo mitihani uiandike kwa mkono usiotetemeka.

Jambo moja sikulijua mpaka mwaka jana, nilipokwenda Malukhu nikakaa na bibi yako kuchambua maharagwe. Aliniambia, bila kuinua macho kwenye ungo, kwamba alijua ni chai tangu wiki ya kwanza. Alikuwa ameamua kwamba afadhali arudi Mbale kipofu kuliko kukataa kikombe cha mke wa mwanawe mbele ya majirani.